Masika Tuliyouza Nyumba

Jumanne, Machi 11

Niliwaagiza wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili waandike shajara kila siku, hata kama siku haina jambo, kisha nikaona aibu kuwapa kazi nisiyoifanya mwenyewe. Basi hii ni yangu. Siku haina jambo. Mvua haijafika na vumbi la Kiamunyi limeingia hadi kwenye bakuli la sukari. Mume wangu, Lewis, ametoka alfajiri na lori kwenda Molo kupakia viazi. Shiku, kitinda mimba wetu, ana kikohozi.

Alhamisi, Machi 13

Mawingu upande wa Menengai, kisha hakuna kitu. Nyanya zimepanda bei tena.

Jumamosi, Machi 15

Nilikuwa naanika nguo geti likagongwa. Mwanaume wa makamo, tai shingoni, tepu ya kupimia mkononi.

"Habari ya asubuhi, mathe. Hapa ni kwa Lewis Wanyoike?"

"Ndiyo, lakini ametoka."

"Si lazima awepo. Tunapima tu."

Nilidhani ni watu wa maji. Nilimfungulia mwenyewe, nikamwonyesha tangi lilipo, nikampa hata chai. Alipima sebule, akapima jikoni, akapiga picha dari. Alipoomba niondoe nguo kitandani ili apige picha chumba chetu, ndipo nikauliza:

"Kwani ni maji au ni stima?"

Alishusha simu yake. "Mama, mimi ni valuer, nathamini nyumba. Nimetumwa na benki. Hii nyumba inaenda mnada mwezi wa tano. Hujui?"

Nilikuwa na soksi mbichi ya Shiku mkononi. Nilicheka. Naliandika hili kwa sababu bado silielewi: nilicheka, nikamwambia amekosea nyumba. Akanionyesha nambari ya ploti kwenye simu yake. Ni yetu. Akateremsha sauti kama mtu aliye msibani. "Pole sana. Ongea na mzee."

Ploti ni ya Lewis, aliinunua kabla hatujaoana, na title, yaani hati ya umiliki, ina jina lake. Lakini kila tofali la nyumba hii limetoka kwenye makato ya mshahara wangu. Mkopo wa Sacco ya walimu niliumaliza mwaka juzi, tukachinja mbuzi, majirani wakaja. Sidaiwi na mtu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia kila nikifungua huu mlango.

Lewis alirudi jioni. Nduta, kifungua mimba wetu, alikuwa akimwogesha Shiku. Nilimwambia mtu wa benki alikuja kupima nyumba. Akakaa kwenye ngazi ya mlango na viatu vyake vya tope, hakuingia.

"Nilitaka kukuambia, Mama Nduta."

"Niambie sasa."

Alichukua mkopo wa milioni nne benki, mwaka juzi huo huo, baada ya mbuzi. Alitaka kununua viazi kwa wingi na kuviweka stoo, kwa sababu kampuni moja ya krispi Nairobi ilikuwa imeahidi kuvichukua vyote. Kampuni ikafungwa. Viazi vikaota, vikaoza. Akakopa kwingine alipe benki, kisha akakopa kwingine alipe huko kwingine.

"Kwingine wapi?"

"Kwa simu. Zile apu za mikopo. Na Gurpreet wa spea, deni la tairi."

"Na benki hujalipa tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, wakati wa mavuno."

Barua zote zilienda kwenye sanduku lake la posta. Nilimuuliza kama ziko nyingi akasema aliacha kuzifungua.

Jumapili, Machi 16

Kanisani tumekaa benchi moja. Nimeimba. Sijui nimeimba nini.

Jumanne, Machi 18

Mvua ya kwanza, kubwa, na mawe ndani yake. Wanafunzi walishangilia madirishani. Nilisimama mbele ya darasa na chaki mkononi na sikukumbuka nilikuwa nafundisha nini.

Alhamisi, Machi 20

Mwalimu mkuu ameniita ofisini na kufunga mlango. "Mwalimu Tabby, kuna mtu amenipigia akisema mimi ni mdhamini wa mume wako. Ametukana mpaka nikakata." Wamempigia pia mpishi wa shule. Wamempigia mwalimu wa Shiku, anayefundisha watoto wa darasa la pili kuhesabu. Apu zilichukua majina yote yaliyo kwenye simu ya Lewis, na sasa zinapita nyumba hadi nyumba.

Jumatatu, Machi 24

Nimeomba ruhusa, nimeenda kwa wakili. Anaitwa Darshana, ofisi yake iko juu ya duka la vitambaa la babake, na ni mama wa mwanafunzi niliyemfundisha. Hakunipotezea muda.

"Nyumba mnayoishi kama mke na mume haiwekwi rehani bila mke kukubali," akasema. "Lazima ulienda mbele ya wakili ukasaini. Ilikuwa lini?"

"Sijasaini."

"Fikiri vizuri, Mwalimu. Watu husahau."

"Sijawahi kuingia kwa hiyo benki."

Aliweka kalamu chini. Kule dukani chini mtu alikuwa akikunjua kitambaa, nikasikia ile sauti ya jora likigonga meza, mara moja, mara mbili.

"Basi kuna mwanamke alienda kule akasema yeye ni wewe," akasema Darshana.

Kisha akanieleza, polepole, na mimi nilikuwa namwona akisogeza midomo. Naweza kwenda kortini niape kwamba sikusaini. Mnada utasimama, huenda rehani yenyewe ikaanguka. Lakini kughushi ni kesi ya jinai. Polisi watamtaka Lewis na watamtaka huyo mwanamke. Na deni halifi. Lewis bado atadaiwa pesa alizokula. Au tuombe benki ituachie tuuze nyumba wenyewe kabla ya dalali, kwa bei ya haki, tulipe, tubaki na kidogo. Au Lewis atangazwe amefilisika, jambo ambalo litanyamazisha wale wa simu lakini halitaokoa nyumba.

"Na kama kuna ardhi nyingine kwa familia," akasema, "usiiguse. Nimeona watu wakizima moto kwa petroli."

Nilifika nyumbani Lewis akiwa jikoni anamenya vitunguu. Nilisimama mlangoni.

"Nani alisaini jina langu?"

Aliendelea kumenya. Nikauliza tena. Machozi yalikuwa yakimtoka, na sikujua ni ya kitunguu au ni yake.

"Wangare," akasema.

Dadake. Yule anayeishi Molo na mama yao.

Jumanne, Machi 25

Mvua. Nimefundisha vipindi vitano.

Jumamosi, Machi 29

Niliamua kwenda mwenyewe kwa Gurpreet kumwomba muda. Duka lake la spea za malori liko karibu na reli. Nimemwona mara nyingi kwa mbali, mwanaume mkubwa, mpole, kilemba cha samawati, ndevu zimekunjwa vizuri. Aliniletea kiti yeye mwenyewe.

"Mwalimu, karibu. Chai?"

Nilimwambia nimekuja kwa sababu ya deni la Lewis. Nikasema hata akitaka kulishika lori tutaelewa, ila atuachie miezi michache, kwa sababu lori ndilo linalotulisha.

Gurpreet aliweka kikombe chini. "Lori gani?"

"Lori la Lewis."

Alitazama wafanyakazi wake, akawaambia wakapange betri nyuma. Walipotoka akaegemea kaunta.

"Mwalimu, lile lori ni langu tangu mwezi wa nane. Alinipa kwa deni la tairi na injini. Lewis ni dereva wangu. Namlipa kila Ijumaa. Ni dereva mzuri."

Nilianza kuhesabu miezi kwa vidole.

"Hakukuambia," akasema. Halikuwa swali.

"Kwenye mlango wa lori pameandikwa Nduta na Shiku," nikasema.

"Aliniomba nisifute. Nikasema sawa, rangi pia ni pesa." Kisha akaona uso wangu. "Pole, dada. Mimi nilidhani nyumbani mnajua."

Kila Ijumaa tangu Agosti, Lewis ameingia na pesa akasema ni faida ya wiki. Tumeshika mikono mezani tukamshukuru Mungu kwa biashara. Niliomba mimi, mara nyingi ni mimi niliyeomba.

Jumapili, Machi 30

Sikwenda kanisani.

Jumamosi, Aprili 5

Shule zilifungwa jana. Leo nimepanda Molo peke yangu. Baridi ya kuuma masikio, na njia ya kwenda kwa Mami, mama mkwe wangu, imekuwa tope tupu. Safari nzima nilikuwa nachagua maneno ya kumwambia Wangare, nikiyapanga, nikiyanoa.

Mami alikuwa amenitandikia kitambaa mezani kama kuna wageni wa harusi. Juu ya kitambaa ameweka title ya shamba lake, ndani ya mfuko wa unga ili isilowe.

"Chukua," akasema. "Lewis ameniambia. Peleka benki, watoto wasilale nje."

"Mami, hili likienda benki wewe utalala wapi?"

"Nimelala kwa hema mwaka mzima baada ya ile fujo ya uchaguzi. Nikarudi hapa, nikapata hata choo wamechoma. Nikapanda viazi. Naweza kurudi tena."

Alisema hivyo kama mtu anayesimulia safari ya sokoni. Niandike ukweli: mkono wangu uliufikia ule mfuko. Niliushika.

Ndipo Wangare akaingia na mzigo wa kuni, amelowa. Aliniona, akauweka chini. Tangu niolewe nimemjua kama mwanamke wa ulimi mkali, aliyekuwa akichungulia kikapu changu aone nimeleta nini, na siku hizi huondoka nikifika.

"Umekuja kunipiga?" akauliza.

"Nimekuja kuuliza. Ulisaini jina langu?"

"Nilisaini." Hakuangalia chini. "Lewis alisema umelazwa, na bila pesa ya benki siku hiyo hawatakupasua. Alisema wewe mwenyewe umekubali. Akanipa kitambulisho chako na blauzi yako ya bluu, nivae nifanane na picha. Nililia ndani ya hiyo blauzi, Tabby. Yule wakili alidhani nalilia nyumba."

Mami alikuwa amejishika kifua. Hakuwa anajua hata hilo.

"Nilimpigia Lewis kila siku kuuliza umeamkaje," akaendelea Wangare. "Akaniambia unaendelea vizuri. Krismasi ukakuja hapa umenona, hata kovu huna, ukacheza na watoto. Nikaelewa. Nikashindwa kusema. Ndio maana tangu hiyo Krismasi naenda shamba ukifika."

Nami nilikuwa nikidhani ni dharau.

"Na sasa?" nikauliza.

"Fanya unachotaka. Kama ni polisi nitaenda na miguu yangu, usiniweke kwa hesabu yako. Lakini hii..." Akauchukua ule mfuko wa unga kutoka mkononi mwangu, taratibu, jinsi unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Hii hapana. Mama yangu harudi kwa hema."

Nimeshuka Nakuru na kabeji mbili alizonikatia. Katika maneno yote niliyoyapanga sikulitumia hata moja.

Jumatano, Aprili 9

Wale wa simu wametuma picha ya Lewis kwa wazazi wa darasa langu, imeandikwa MWIZI. Wazazi watatu wameniandikia pole. Wengine wamenyamaza.

Jumatatu, Aprili 14

Mvua imevunja ukuta wa jirani. Hatujalala chumba kimoja tangu Machi.

Jumanne, Aprili 15

Leo Lewis amekuja kukaa mbele yangu mezani. Amekonda. Nilikuwa nasahihisha karatasi za mtihani.

"Nenda kortini," akasema. "Sema hukusaini. Nyumba itabaki yako na watoto. Mimi nifungwe, yaishe."

Alisema kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Kwa dakika moja nilimwonea huruma, nikataka kumshika mkono. Kisha nikauliza:

"Na Wangare?"

Hakuwa amemfikiria. Nililiona wazi usoni mwake: katika kujitoa kwake kote, hakuwa amekumbuka kwamba kuna mtu mwingine atakayekaa pale kizimbani karibu naye. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi haya yote yalivyotokea. Si ukatili. Lewis humwona mtu aliye mbele yake tu.

Basi nimeamua. Tutauza wenyewe. Nitaenda benki, nitasaini kila kitu kama vile sahihi ya kwanza pia ilikuwa yangu, nitanyamaza. Watoto wasimtembelee baba yao jela, wala shangazi yao.

Nilimpigia Darshana kumwambia.

"Mwalimu, ulishaniambia hukusaini," akasema. "Siwezi kukaa hapo nikikuona ukisema ulisaini. Ukienda hivyo, enda bila mimi. Ukibadilisha nia, niko."

Ijumaa, Aprili 18

Ijumaa Kuu. Nimepika dengu. Hakuna aliyekula vizuri.

Jumatano, Aprili 23

Nitajaribu kuandika kama ilivyokuwa.

Afisa wa mikopo anaitwa Kipruto, mchangamfu, ana picha ya mapacha mezani. Alitupokea kwa heshima. Alisema wanaouza wenyewe hufanya vizuri kwa sababu mnada hula nusu ya bei. Akachapisha makubaliano: mnada unasimamishwa, tunatafuta mnunuzi, benki inalipwa kwanza. Lewis akasaini. Mimi nikasaini. Sahihi yangu ni fupi, T na mkwaju, ile ninayoiweka kwenye vitabu vya wanafunzi tangu nianze kazi.

Kipruto akatazama karatasi, akatazama kompyuta.

"Mama, hii haifanani na ile tuliyo nayo."

"Watu hubadilisha," akasema Lewis haraka.

"Hubadilisha, kweli. Lakini mfumo utaikataa." Akachapisha karatasi nyingine safi. Kisha akaigeuza kompyuta upande wangu. "Yako ya awali ni hii. Hebu jaribu kuifuata."

Lilikuwa jina langu lote, herufi kubwa za mviringo zinazolala upande mmoja, mwandiko wa mtu aliyeacha shule darasa la nane. Mwishoni wino ulikuwa umetapakaa, kana kwamba karatasi ilikuwa na maji.

"Chukua muda wako, mama," akasema Kipruto. Alikuwa ananisaidia. Hilo ndilo lisilonitoka kichwani: mtu mzuri, mwenye mapacha, alikuwa ananisaidia kughushi jina langu mwenyewe.

Nikashika kalamu. Nikaandika T. Nikaandika a. Mkono wangu ulikuwa unaiga mkono wa mwanamke aliyekuwa akiniiga mimi. Lewis alikuwa akipumua kando yangu kama mtu anayepanda mlima.

"Hapo sawa," akasema Kipruto. "Endelea hivyo."

Nikasikia mtu akisema, "Haiwezi kufanana. Ile si yangu."

Ni mimi niliyesema. Niliiweka kalamu chini na sauti ikaendelea. "Sijawahi kuingia hapa kabla ya leo. Aliyesaini hiyo si mimi."

"Tabby, tafadhali," akasema Lewis.

Kipruto aliinuka akafunga mlango. Akakaa. Akainuka tena. Rangi ya uso wake ilikuwa imebadilika. "Mama, unaelewa unachosema?"

"Naelewa."

"Mzee, ni kweli?"

Nilingoja uongo mwingine. Nilikuwa tayari nimeanza kuukisia, ningeweza hata kuuandika kabla hajausema.

"Ni kweli," akasema Lewis. "Yeye hakujua chochote. Ni mimi."

"Mwanamke aliyekuja ni nani?"

"Sitasema."

Akaulizwa tena, na meneja aliyeitwa akamuuliza pia, akiwa amesimama. "Sitasema," akarudia, mikono katikati ya magoti. Sijawahi kumwona akikataa kitu waziwazi namna hiyo.

Tulitoka nje kwenye mvua bila mwavuli. Wiki iliyopita nimeandika humu kwamba nimeamua kunyamaza, na nilikuwa nimeamua kweli. Nimesoma ule ukurasa sasa hivi.

Alhamisi, Aprili 24

Darshana amesema, "Niachie sasa." Nimemwachia.

Jumatatu, Aprili 28

Muhula wa pili umeanza. Kila pikipiki ikisimama nje ya shule nadhani ni polisi.

Jumanne, Mei 6

Darshana amepiga simu wakati wa chakula cha mchana. Nilienda kusimama nyuma ya maabara.

"Watu wa benki wameogopa kuliko wewe," akasema. "Wakili wao ndiye aliyeapa kwamba alikuona ukisaini. Wamefuta mnada. Wamefuta faini na riba ya ucheleweshaji. Wako tayari mwuze wenyewe, wachukue walichokopesha na riba ya kawaida. Na hakuna aliyetaja polisi."

Nikauliza kama hiyo inamaanisha Wangare yuko salama.

"Sitakudanganya. Kesi ya jinai haina siku ya kufa. Lakini sioni mtu kule ndani mwenye hamu ya kuifungua." Kisha akasema, "Kuna jambo lingine, lazima ulijue. Sasa unaweza kukataa kuuza. Unaweza kuipigania nyumba kortini. Miaka mitano, sita, na nadhani utashinda."

Mwezi uliopita ningelia kwa furaha. Nilisimama pale, wanafunzi wakipita na sahani zao, nikaona miaka sita: wale wa simu, mimi kizimbani nikieleza blauzi, Wangare akisubiri kuitwa. Na pesa zile zilikopwa kweli. Zilioza stoo, lakini zilikopwa.

"Tunauza," nikasema.

"Una hakika?"

"Sina. Tunauza."

Jumamosi, Mei 17

Wanunuzi wamekuja, Bwana Kosgei na mkewe, wanahamia kutoka Rongai. Mke alifungua makabati ya jikoni moja moja akisema, "Hii nyumba ilijengwa na mtu mwenye akili." Nilimwambia asante. Nikaenda nje nikasimama kwenye manyunyu mpaka walipomaliza.

Jumapili, Mei 18

Wamekubali bei.

Jumamosi, Mei 31

Tumehama. Benki imechukua chake. Darshana amewaandikia wale wa simu, wamekubali kulipwa walichotoa bila yale marundo ya riba, na wamelipwa. Gurpreet hakutaka kitu: anakata mshahara wa Lewis kidogo kidogo, amesema hana haraka. Kilichobaki kimetosha kodi ya nyumba ndogo hapa Free Area hadi mwisho wa mwaka, na karo ya Nduta. Si zaidi ya hapo. Sidhani nilikuwa nimeamini kwamba nyumba nzima inaweza kugeuka kuwa hicho tu.

Lewis amebeba vitanda, akafunga nyaya za stima, akapanda Molo. Tumekubaliana akae kwa Mami kwa sasa.

Jumatano, Juni 4

Wangare amepiga simu kuuliza kama dari inavuja. Tumeongea mpaka salio lake likaisha.

Jumamosi, Juni 14

Mvua inapungua. Lewis ameleta mshahara wake jana, wote, kwenye bahasha ya Gurpreet, akasimama nje bila kuingia. Nimeamua nitamwambia kesho arudi. Kukataa kwake kumtaja Wangare pale benki nimekubeba tangu Aprili, na kwenye mizani yangu kumekuwa kuzito upande wake. Nimetoa taulo lake kwenye sanduku.

Jumapili, Juni 15

Nilipika pilau. Lewis alikuja baada ya kanisa, shati limepigwa pasi. Tulipokwisha kula aliweka kijiko chini na kujikohoza.

"Watoto, nataka kuwaambia kitu. Lile lori si langu. Nilikuwa nimelitoa kwa deni. Mimi ni dereva, naendesha lori la mtu."

Hakuna aliyemwomba aseme. Niliona fahari, kweli niliona fahari. Shiku aliuliza kama bado anaweza kupanda mbele. Akaambiwa ndiyo. Nduta alikuwa anakusanya wali uliobaki pembeni mwa sahani.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?" nikauliza.

"Kuhusu lori. Tangu likizo ya Agosti. Nilikuwa na Baba pale kwa spea, nikaona Bwana Gurpreet akimlipa." Hakuinua macho. "Baba alininunulia chips. Akasema ni siri yetu wawili, kwa sababu wewe ukijua moyo utakuuma mpaka ulazwe."

Nilimtazama Lewis.

"Ndio maana nilikuwa nakuuliza kila asubuhi umelalaje," akasema Nduta. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtoto mdogo kuliko Shiku, "Mum, nimekosea?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia mara nyingi, nimemshika kichwa, nywele zake zikinukia moshi wa pilau. Ana miaka kumi na minne. Miezi yote hiyo mtoto huyu amekuwa akinichungulia asubuhi kuona kama bado niko hai, na mimi nilikuwa nikimsifu kwa walimu wenzangu kwamba ana adabu.

Nilimsindikiza Lewis hadi barabarani.

"Nilidhani nimemaliza kusema yote," akasema. "Hilo nilikuwa nimelisahau."

Alikuwa amelisahau. Hakuwa anadanganya, najua sasa uso wake ukidanganya. Alikuwa amelisahau kabisa.

"Rudi Molo, Lewis."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

Hakubisha. Alivuka barabara, akaenda.

Niliporudi ndani Nduta alikuwa anaosha vyombo, amenipa mgongo. Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha sahani. Tulifika kwenye masufuria.

"Kesho asubuhi usiniulize nimelalaje," nikamwambia. "Mimi ndiye nitakuja kukuuliza wewe."